Risala ya Klabu ya Vitabu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni wakubwa zetu, na wadogo mambo vipi. Tunashukuru sana kwa kuja, tunajua una majukumu mengi.

Mwaka huu klabu yetu imemfuatilia mtu mmoja anaitwa Kurd Laßwitz, ambae Wajerumani wengi wanamuita baba wa hadithi zao za sayansi. Alizaliwa Breslau 1848, na mheshimiwa, huyu alikuwa mwalimu wa sekondari tu! Kuanzia 1876 mpaka 1908 alifundisha hesabu na fizikia kwenye shule moja pale mji wa Gotha, Ujerumani, yani mchana chaki mkononi alafu mda wake mwingine anaandika habari za Mirihi.

Kitabu chake kikubwa, Auf zwei Planeten (yani Kwenye Sayari Mbili), kilitoka 1897. Wajerumani watatu wanaenda na puto mpaka Ncha ya Kaskazini, kumbe watu wa Mirihi walishafika zamani na wamejenga kituo kinaelea angani juu ya ncha yenyewe, na hapo hata ndege ya injini ilikuwa haijaruka bado. Wernher von Braun, yule wa maroketi yaliyopeleka watu mwezini, alikisoma akiwa kijana na kikamkaa kichwani.

Ila sisi kilichotushika zaidi ni hiki. Wale wa Mirihi wanajiona wamestaarabika kuliko wote, basi wanaiweka Ulaya chini ya uangalizi wao ati wawafundishe Wazungu ustaarabu, na taratibu madaraka yanawaharibu wenyewe mpaka watu wanakataa kutawaliwa. Mwaka huohuo 1897 Wajerumani walikuwa wanatawala huku kwetu kwa maneno hayohayo, na Mkwawa alikuwa bado anapambana nao Uhehe. Tulipofika hapo darasa zima lilinyamaza, tukabishana mpaka kengele ya jioni. Manazi baadae walikipiga marufuku, na wala hatukushangaa.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Mwalimu Laßwitz alifariki 1910, hivo haki za maandishi yake zilishaisha zamani na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatafsiri. Tunaomba utusaidie kumpata mtu anaejua Kijerumani vizuri akae na sisi tutafsiri kwa Kiswahili hata ile hadithi yake fupi ya 1904, Die Universalbibliothek, inayohusu maktaba yenye kila kitabu kinachoweza kuandikwa. Kuchapa na kusahihisha tutafanya wenyewe.

Naomba kuwasilisha.