Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Fangasi na Mashamba Yetu Yenye Udongo wa Chumvi

Ndugu wanachama,

Habari za ada na mkopo wa pampu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitasema jambo moja tu, lile tulilobishania mwaka mzima hapa tambarare ya Same: fangasi wa kusaidia mimea yetu kwenye udongo wenye chumvi.

Katika kikao cha kwanza mama mmoja alisimama akauliza, "Mwenyekiti, kila wiki tunapiga dawa ya ukungu kwenye nyanya, leo mnataka tuununue ukungu?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Hawa si wale wanaoozesha majani. Wanaishi ndani ya mizizi iliyo hai, na bila mmea hawazaliani. Mmea huwapa sukari, nao hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikaenda sentimita kadhaa mbele ya mzizi kutafuta maji na fosforasi. Penye chumvi husaidia pia mmea kupata potasiamu na kuzuia sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayodhuru mmea, isipande kwa wingi majanini. Kitunguu, chenye mizizi michache na mifupi, kinawahitaji sana, na ndicho kinachosalimu amri mapema chumvi ikizidi.

Sasa makosa, na naanza na langu. Pakiti za fangasi tulizonunua kwa fedha za chama zilikuwa zimekaa dukani chini ya bati la moto, nami sikuangalia hata tarehe. Hawa ni viumbe, joto huwaua. Halafu wengi wetu tuliziweka shimo moja na DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Mmea ukishiba fosforasi humfungia fangasi mlango. Waliojaribu kwenye kabichi na sukuma wiki walipoteza bure kabisa, maana jamii hiyo ya mimea haishirikiani nao.

Baada ya hapo tukaanza kuwazalisha wenyewe. Tulichukua udongo chini ya nyasi zinazostahimili chumvi pembezoni mwa mashamba yetu, tukaujaza kwenye ndoo kuukuu na kupanda mtama. Baada ya miezi 3 hivi tuliacha kumwagilia kwa wiki 2, tukakata mashina, tukakatakata mizizi na kuichanganya na udongo ule ule. Kijiko kimoja kinatosha chini ya mche. Ila msichote udongo wa shamba la nyanya, mtahamisha mnyauko na minyoo ya mizizi.

Kwenye jaruba la majaribio, vitunguu vilivyowekewa fangasi vilisimama vizuri kuliko wenzao kuanzia upande wa juu wa jaruba hadi katikati. Mkiani, pale chumvi inapong'aa kama unga, vilikufa vyote, vyenye fangasi na visivyo nao. Nililiangalia jaruba lile asubuhi nyingi.

Fangasi humsaidia mmea kuvumilia chumvi, lakini chumvi yenyewe hawaiondoi. Jasi, madini yenye kalsiamu, tunayo jirani, Makanya, nayo huisukuma sodiamu itoke kwenye chembe za udongo. Ikishatoka inahitaji maji ya kuisafirisha na mtaro wa kuipeleka nje. Mtaro wetu umeziba kwa matete, na kila mmoja anamsubiri jirani yake aanze. Kamati imekataa kununua pakiti nyingine yoyote mpaka mtaro upitishe maji, nami nimeunga mkono.

Jumamosi ijayo tunaanza kufukua, tukitokea mkiani kwenda juu. Asiye na jembe amwambie katibu leo kabla ya kuondoka.