Chekechea isifunikwe yote kwa pevingi

Mhariri,

Shule nyingi za chekechea hapa Dar es Salaam siku hizi hujinadi kwa uwanja uliotandazwa pevingi, ukuta hadi ukuta. Anayosoma mwanangu imeshang'oa ukoka wa mbele, na sasa wazazi tunachangishwa ili umaliziwe upande wa nyuma, kwenye mwarobaini. Sababu tunayopewa ni usafi: mtoto arudi nyumbani soksi nyeupe. Naomba nafasi nipinge.

Ngozi ya binadamu ina bakteria wake. Wengi hawana madhara, na baadhi huwabana wale wabaya wasipate pa kukaa. Wengine tunawaokota kila siku kwenye udongo na majani. Sasa mtoto anayetoka kwenye vigae, akapanda basi la shule, akashukia kwenye zege, atawaokotea wapi?

Huko Ufini walilijaribu hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto 75 wa miaka 3 hadi 5 katika miji ya Lahti na Tampere. Baadhi ya vituo vyenye viwanja vya kokoto vililetewa tabaka la udongo wa msituni na mimea yake, nyasi na masanduku ya bustani, watoto wakaachiwa wachimbe na wapande. Baada ya siku 28, bakteria wa ngozini mwao walikuwa wa aina nyingi zaidi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga inayojidhibiti vizuri. Kinga ikishindwa kujidhibiti huishambulia hata chavua au karanga. Ndiyo hiyo aleji. Hawakupima nani kapona pumu ya ngozi, lakini kwa mwezi mmoja si haba.

Nitaambiwa Dar si Lahti. Kweli, udongo wetu una minyoo, na masika yakianza, jirani hufungulia maji ya choo. Kwa hiyo kunawa kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni hakuna mjadala. Kinachonikera ni kitakasa mikono kinachopitishwa kila kengele ikilia, hata kwa mtoto aliyekuwa anachora tu.

Mchango wangu nitautoa, ila kamati iununulie udongo safi wa bustani, ukoka, wavu wa kuzuia mbwa, na bomba la kunawia karibu na mlango wa darasa.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam