Mmetaja bei ya Chardin, mkamwacha Chardin mwenyewe

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu minada ya sanaa na nimeumia. Mchoraji Mfaransa Jean Siméon Chardin mmemtaja mara moja tu: kwamba picha yake ya kikapu cha stroberi, aliyoichora mwaka 1761, iliuzwa Paris Machi 2022 kwa euro milioni 24.4. Kisha mwandishi wenu akauliza ni nani mwenye akili timamu atoe fedha zote hizo kwa picha ya matunda.

Chardin alizaliwa Paris mwaka 1699, mtoto wa seremala. Zama hizo wakubwa wa sanaa Ufaransa walikuwa wamezipanga picha kwa vyeo. Juu kabisa vilikaa visa vya Biblia, vita na mashujaa. Chini kabisa matunda, vyungu na wanyama waliokufa. Yeye akaenda kukaa huko chini, na mwaka 1728 Chuo cha Kifalme cha Uchoraji kikampokea kwa picha ya samaki taa.

Sisi wa Pwani taa tunamjua, ndiyo maana naisemea picha hii kwa uhakika. Ametundikwa kwenye ndoano, tumbo limepasuliwa, matumbo mekundu yanang'aa, na ule upande wake wa chini umekaa kama uso wa mtu mwenye huzuni. Pembeni paka amevimbisha manyoya, miguu juu ya chaza. Unaitazama na shombo inakufikia. Denis Diderot, aliyekuwa akiandika juu ya maonyesho ya Paris, alikiri kwamba kitu chenyewe kinachukiza, lakini hiyo ndiyo nyama ya samaki, ndiyo ngozi yake, ndiyo damu yake.

Chardin alifanya kazi polepole mno. Vyombo vilevile vya jikoni vinarudi picha baada ya picha: kinu na mchi, sufuria ya shaba, bilauri ya maji. Uzeeni macho yalipomsumbua aliacha rangi za mafuta akashika pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, na mwaka 1771, akiwa na miaka zaidi ya 70, akajichora mwenyewe na miwani yake puani. Alifariki mwaka 1779.

Na hizo stroberi? Zimepangwa kama kichuguu chekundu, kando yake bilauri ya maji na maua mawili meupe. Serikali ya Ufaransa iliizuia picha hiyo isitoke nchini, na maelfu ya watu wa kawaida wakachanga fedha zao ili iingie Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Mwandishi wenu alitaka kujua ni nani atoe fedha: basi ni hao.

Naomba toleo lijalo mchapishe picha ya taa, kwa rangi, ukurasa mzima. Wanafunzi wangu wanalisoma gazeti hili.

Mwalimu wa sanaa,
Tanga