Bustani za Dodoma zipandwe yuka badala ya nyasi zenye kiu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie yuka, mmea ambao wengi wetu hapa Dodoma tunauona getini na mbele ya ofisi, lakini tunauchukulia kuwa pambo tu. Jiji letu lina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki bustani humwagiliwa kwa maji ya bomba au ya boza hata pale ambapo majirani wanasubiri mgao. Si haki kuendelea kupanda nyasi zinazonyauka zikikosa maji siku chache, ilhali yuka iliyokwisha kushika mizizi huvuka kiangazi karibu bila kumwagiliwa.

Asili ya yuka ni Mexico, Amerika ya Kati na sehemu za Marekani, hasa kusini-magharibi, nayo ni ndugu wa karibu wa mkonge. Majani yake ni magumu na yamefunikwa nta inayozuia maji yasipotee. Mkonge hutoa mlingoti mara moja kisha hufa, lakini yuka zilizo nyingi huchanua maua meupe mara kwa mara katika maisha yake.

Maua hayo yana jambo la ajabu. Huko kwao hutegemea nondo mdogo, ambaye jike lake hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya mdomoni, huruka hadi ua jingine, hutaga mayai ndani yake, kisha huishindilia chavua mahali pake ili mbegu zitunge. Viwavi wake hula baadhi ya mbegu hizo na nyingine husalia. Kwa kuwa nondo huyo hayupo kwetu, yuka za bustanini kwa kawaida hazizai mbegu, hivyo wanaohofia kuwa zitasambaa kama mathenge, mti wa miiba wa kigeni, ulivyovamia Baringo nchini Kenya wapunguze wasiwasi.

Matumizi yake ni mengi. Wanavaho na Wahopi wa Marekani wametumia mizizi ya yuka kama sabuni ya kuoshea nywele, kwani ikipondwa majini hutoa povu jingi kutokana na kemikali yake ya asili iitwayo saponini, na nyuzi za majani zimesokotwa kamba na kufumwa viatu na vikapu. Nchini El Salvador ua lake ni ua la taifa tangu mwaka 1995, na watu hulikaanga pamoja na mayai. Dondoo ya aina moja ya yuka huchanganywa katika chakula cha mifugo ili kupunguza harufu ya amonia bandani, ingawa nawasihi wafugaji wasiponde mizizi ya bustanini na kuwalisha kuku wao, maana saponini ina madhara, na mbwa au paka akitafuna majani huugua.

Kuipanda ni rahisi. Kipande cha shina huachwa kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, kisha hupandwa kwenye udongo wa kichanga. Kinachoiua zaidi ni kumwagiliwa kupita kiasi, kwa sababu mizizi huoza. Penye watoto ichaguliwe yuka kubwa yenye ncha laini, wala si ile ambayo kila jani huishia na mwiba mkali kama sindano, unaoweza kumchoma mtoto jichoni. Hiyo kubwa nayo huweza kufikia mita 8 au zaidi, na shina lake hutanuka sana chini, kwa hiyo isipandwe karibu na msingi wa nyumba wala mabomba.

Sisemi yuka ichukue nafasi ya mkwaju au mbuyu, kwani kivuli chake ni kidogo. Ninachoomba ni kwamba halmashauri ya jiji na wenye ofisi, wanapopanga bustani mpya, waiweke yuka mahali ambapo wangetandika nyasi, na wenye vitalu vya miche wamweleze mnunuzi ni aina ipi anayochukua kabla hajalipa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wako,
Dodoma