Abiria hadhaniwi kufika, anatakiwa

Mhariri,

Juzi bandarini Mkoani nilikuta karatasi imebandikwa kwenye dirisha la tiketi: "Abiria wanadhaniwa kufika saa moja kabla ya safari." Mama mmoja mwenye pakacha la embe akaniuliza, "Mwalimu, kwani wanatushuku nini?" Nilicheka tu.

Aliyetafsiri kaliona neno "suppose" la Kiingereza, akakimbilia kudhani. Lakini lile lina sura nyingi. Mwingereza akijibu "I suppose so", amekubali shingo upande; sisi husema "haya, labda". Kwenye hesabu ni "tuseme": tuseme una pishi kumi za karafuu, ukauza nne. Likishakuwa "supposed to", mara nyingi dhana imeondoka, limebaki sharti: kutakiwa, kupaswa. Na kwa jambo lililopita hubeba lawama kabisa, kama pale bibi anaposema, "Si ulitakiwa uje jana wewe?"

Kudhani kwetu, neno tulilolipata kwa Waarabu, hakumwamrishi mtu kitu. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, nikakata neno moja, nikaandika "wanatakiwa". Karani alinitazama kwa jicho baya. Boti yenyewe ilichelewa.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba