Sheria ya sekunde nane za kipa ifafanuliwe kabla haijatugombanisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mabadiliko ya sheria za mpira wa miguu ni mambo ya Wazungu na mitambo yao ya VAR, yaani video za kumsaidia mwamuzi, na kwamba sisi wa mikoani tungeachwa tuendelee na mpira tuliorithi kwa wazee wetu. Hoja hiyo ina wafuasi wengi hapa Kigoma, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ujiji hadi vibanda umiza vya Mwanga, kwa hiyo si vyema ipite bila kujibiwa. Kwa maoni yangu, sheria inayombana kipa asikae na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, ambayo ilianza kutumika rasmi Julai 2025, inavifaa viwanja vyetu kuliko hata vile vya Ulaya, na tatizo tulilonalo ni kwamba hakuna aliyechukua muda kuwafafanulia mashabiki wa kawaida. Hapo ndipo kurasa za michezo zinapodaiwa.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kipa akishaudhibiti mpira kwa mikono, mwamuzi anaanza kuhesabu. Zikibaki sekunde tano, ananyanyua mkono juu na kuzihesabu kwa vidole ili kila mtu aone. Zikiisha kipa akiwa bado ameushika, timu pinzani inapewa kona, ambayo inapigwa upande ulio karibu na pale alipokuwa kipa. Mshambuliaji akimzonga kipa na kumzuia kuuachia mpira, kosa linakuwa la mshambuliaji.

Sasa tazama kinachotokea pale ambapo watu hawakuelezwa. Katika mchezo mmoja wa ndondo hapa mjini, kipa wa timu iliyokuwa ikiongoza alidaka krosi, akaanguka kifudifudi juu ya mpira, akainuka taratibu, akaashiria wenzake wasogee mbele, akaudundisha, akaukumbatia tena. Mwamuzi alikuwa amekwisha nyanyua mkono na vidole vikihesabu. Mashabiki waliokuwa nyuma ya goli walidhani anamwita mtoa huduma ya kwanza. Alipopuliza filimbi na kuonyesha kibendera cha kona, uwanja ulilipuka: kona imetoka wapi na mpira haujavuka mstari? Wazee kwa vijana waliingia uwanjani, nahodha akatishia kuitoa timu yake, na mwamuzi, kijana aliyefanya kazi yake sawasawa, aliitwa mla rushwa mbele ya watoto wadogo. Mchezo ulisimama kwa muda mrefu kuliko muda ambao kipa yule angeweza kuupoteza hata angelala na mpira mpaka jioni. Hakuna hata mmoja kati ya waliopiga kelele aliyekuwa amesoma popote, kwa lugha yake, kwamba sheria imebadilika.

Msomaji mwenzangu anasema kwamba sheria ya zamani ingetosha. Haikutosha. Tangu mwaka 2000 kipa aliruhusiwa sekunde sita tu, lakini waamuzi wengi waliiacha sheria hiyo ilale vitabuni, na sababu yao ilikuwa ya msingi: adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usiofungwa moja kwa moja, unaopigwa ndani ya eneo la hatari, huku timu nzima ikijipanga juu ya mstari wa goli na kusukumana na wapinzani. Mwamuzi gani atajitafutia balaa hilo kwa ajili ya sekunde mbili za ziada? Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mpira, yaani IFAB, ilifanya jambo la busara: ikamwongezea kipa muda kidogo, kisha ikachagua adhabu ambayo mwamuzi hatasita kuitoa, kwa kuwa kona kila mtu anajua inavyopigwa na wachezaji wanavyojipanga. Kona si adhabu ya kudharau pia. Sisi wa Kigoma tunalijua hilo vizuri, kwani fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa katika uwanja wetu wa Lake Tanganyika tarehe 25 Julai 2021 iliamuliwa na kichwa cha Taddeo Lwanga dakika ya 79, mpira ukitokea kwenye kona, na Simba ikaifunga Yanga bao 1–0.

Nasisitiza kwamba sheria hii haihitaji kamera, chumba cha video wala umeme. Inahitaji mkono wa mwamuzi na vidole vitano. Mabishano kuhusu VAR, ambayo magazeti yetu huyapa kurasa nzima kila ligi ya Uingereza inapochezwa, yanahusu chombo ambacho timu zetu za wilaya hazitakiona karibuni. Ilhali kipa anayejilaza juu ya mpira tunaye kila Jumapili, awe Kibirizi au Gungu, na hapa ametafutiwa dawa ambayo hata uwanja wa vumbi unaimudu.

Jambo ambalo kwa kweli linanigusa zaidi ni mbinu, kwa sababu historia inaonyesha kwamba sheria ikibadilika, anayefaidika ni kocha aliyeisoma mapema. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilipunguzwa makali: badala ya kutakiwa kuwe na wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, wakatosha wawili. Mabeki wa Uingereza, hasa Bill McCracken wa Newcastle, walikuwa wamefanya mtego wa kuotea, yaani kusogea mbele ili mshambuliaji akutwe ameotea, kuwa kazi yao ya kila siku, na mpira ulikuwa umekauka mabao. Msimu uliofuata mabao ya daraja la kwanza la Uingereza yaliruka kutoka 1,192 hadi 1,703. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Newcastle iliifunga Arsenal mabao 7–0, na ni baada ya kipigo hicho kocha Herbert Chapman alimrudisha kiungo wake wa kati acheze kama beki wa tatu. Beki wa kati tunayemjua leo ana mizizi yake pale. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, na kutokea hapo kipa asiyejua kutumia miguu akawa mzigo kwa timu yake. Mwaka 2019 goli kiki iliruhusiwa kuchezwa ndani ya eneo la hatari bila kusubiri mpira utoke nje yake, na sasa tunaona mabeki wakipokea mpira hatua chache kutoka kwa kipa wao ili kumvuta mpinzani mbele. Mambo haya watu huyaita mtindo wa kisasa, na hawaelezwi kwamba mlango wake ulifunguliwa na karatasi ya sheria.

Kwa hiyo nauliza: ni nani ameandika, katika gazeti lolote la Kiswahili, sekunde nane zinamaanisha nini kwa timu kama Mashujaa ya hapa Kigoma, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na ambayo inaposafiri kwenda Dar es Salaam hulazimika kuzuia kwa vipindi virefu? Timu inayozuia ilizoea kupumua pale kipa anapodaka. Sasa pumzi hiyo imefupishwa, na kocha lazima awafundishe mabeki wa pembeni wafunguke mara tu kipa anapoinuka, na winga mmoja abaki juu ili kipa awe na mtu wa kumrushia. Asipofanya hivyo kipa atabutua hovyo sekunde ya saba, mpira utarudi, na mashambulizi yataanza upya juu ya watu waliochoka. Kwa upande mwingine, ruhusa ya wachezaji watano wa akiba, iliyoanza kwa dharura ya korona mwaka 2020 na kufanywa ya kudumu mwaka 2022, inawapendelea wenye vikosi vipana, na mwenye kikosi chembamba anapaswa kuzipanga vizuri nafasi zake tatu za kusimamisha mchezo ili abadilishe wachezaji, huku akikumbuka kwamba mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi. Haya ni mambo ya kuandikwa na kubishaniwa. Badala yake, Mashujaa hupewa aya mbili baada ya mchezo, na mara nyingi aya hizo zinaihusu timu kubwa iliyocheza nayo.

Nakubaliana na msomaji mwenzangu katika jambo moja. Sheria ya kushika mpira imechezewa mno: mwaka 2019 iliandikwa kwamba mpira ukimgusa mshambuliaji mkononi hata kwa bahati mbaya na bao likapatikana, bao linafutwa, mwaka 2021 ikarekebishwa, na mpira kumgusa mkononi kwa bahati mbaya mchezaji mwenzake wa mfungaji hakufuti bao tena. Mabadiliko ya namna hiyo yanachosha, na yanamfanya mwamuzi wa wilaya aonekane mwongo kwa kutumia kitabu cha mwaka huu mbele ya watu wanaokumbuka cha mwaka juzi. Lakini kuzikataa sheria hakutatusaidia. Ndani ya IFAB vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja kila kimoja, FIFA ina kura nne kwa niaba ya dunia yote iliyobaki, na badiliko linahitaji kura sita. Hatuna namna ya kupiga kura kutoka Kigoma. Namna ya kuzijua sheria tunayo, na gharama yake ni nusu ukurasa.

Naliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, litenge safu fupi ya sheria kila wiki, iandikwe na mwamuzi mstaafu au mkufunzi wa waamuzi, kwa Kiswahili ambacho kipa wa timu ya mtaa anaweza kukibandika ukutani, na ichapishwe kabla ya ligi kuanza badala ya kusubiri ugomvi. Waandishi wenu waliopo mikoani nao waruhusiwe kuandika jinsi timu zilivyocheza, pamoja na nani aliyefunga. Kama nafasi ni finyu, safu ya kwanza iwe hii ya sekunde nane na iambatane na picha ya mwamuzi aliyenyanyua mkono na vidole vitano wazi. Mimi nitainunua nakala ya ziada na kuipeleka kwa kamati ya ndondo, ili isomwe kwa sauti kwenye kikao cha manahodha kabla ya mchezo wa kwanza.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma