Mafuriko yakiisha, watoto wa sekondari nao waulizwe hali

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo linanikera kila masika ikikaribia. Sisi huku Korogwe maji sio mageni kwetu, wa umri wangu tunaikumbuka Elinino ya 97 kwenda 98, afu juzi juzi hapa Oktoba 2019 Handeni na Korogwe madaraja yalikatika na watu wakafa, na kila yakitokea utaratibu ni uleule, linakuja lori la unga, magodoro, mablanketi, kiongozi anapigwa picha akikabidhi, wanaandika nyumba ngapi, kaya ngapi. Sikatai, mwenye njaa kwanza ale. Ila huyu mtoto wa form two yeye anaandikwa wapi? Wadogo wanabembelezwa, watu wazima tuna vikao na majirani wa kutupa pole, hawa wa miaka 13 mpaka 18 wanapewa koleo watoe tope, wakimaliza warudi shule wakafanye mtihani.

Mtoto wa dada yangu maji yaliwaingilia ndani usiku. Mpaka leo wingu likifunga tu analala na viatu miguuni, cheti cha kuzaliwa na madaftari kavifunga kwenye mfuko wa nailoni kaviweka chini ya mto, ukimuuliza anakwambia niko poa mamdogo. Baba yake ndo kabisa, kaza roho wewe mwanaume. Alikuwa mpole sana huyu, sa hivi anagombana na wenzie hata kwa sababu ya peni, na siku ya mvua shule haendi, kesho yake anakula fimbo za utoro. Utoro gani huo jamani, mtoto anaogopa kuvuka mto!

Kwa wasichana nako kuna yake. Mmoja anaanguka darasani anapiga kelele, wa pili, wa tatu, mara bweni zima, tunasema mashetani yamepanda, anaitwa shehe, anaitwa mchungaji, wengine kimyakimya wanamfuata mganga. Mimi sigombani na dua, inatuliza na mimi mwenyewe naisoma. Lakini akishatulia si mtu akae naye amuulize, mwanangu una nini? Hapo huwa hatufiki, tunamaliza na ubani basi.

Na sisemi tumbane aongee kwa nguvu, wataalamu wenyewe wanakataza kumlazimisha mtu asimulie yaliyomkuta wakati bado mbichi. Awepo mtu wa kumsikiliza akitaka mwenyewe, arudi kwenye mpira wake na marafiki zake, alale mahali anapojisikia salama, wengi wanakaa sawa taratibu. Ila yule ambae mwezi umepita na bado halali, anaota maji kila siku, kajitenga, au anaanza kuongelea kufa, huyo sio wa kusubiri.

Sasa shida ukisema apelekwe kwa mtaalamu mzazi anasikia Lutindi. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ipo hapahapa wilayani kwetu, huko milimani tangu enzi za Mjerumani, na sisi tumeigeuza tusi la kumtania mtu. Kuna na namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure, waulize wanafunzi wangapi wanaijua.

Yalipotokea maporomoko ya tope Hanang Desemba 2023 maafisa ustawi wa jamii walipelekwa kule kukaa na waathirika, kwa hiyo sio kwamba serikali haijui cha kufanya. Ila ule ulikuwa msiba wa taifa zima. Mafuriko yetu ya kata moja kata mbili nani anakuja?

Sheria ya maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mimi naomba hivi, kwenye hizo kamati aingie mwalimu wa malezi na unasihi wa sekondari ya pale, apewe mafunzo japo ya siku chache kabla mvua za Machi hazijaanza, na kwenye fomu ya tathmini, pale wanapoandika magodoro na mabati, waongeze mstari mmoja wa watoto wanaohitaji kuangaliwa. Na walimu wakuu, mvua ikinyesha wiki ya kwanza baada ya mafuriko, hizo fimbo wekeni kabatini kwanza.

Mama mlezi,
Korogwe, Tanga